John McAdam: mtu aliyefuata franga za bariere mpaka barabarani

Neno macadam linajulikana na watu wengi wanaosema Kifaransa. Ni barabara ya mawe yaliyopondwa, na wengine wanalitumia hata kwa barabara ya lami. Kumbe neno hilo ni jina la mtu. John Loudon McAdam alizaliwa Scotland mwaka 1756 na akafariki huko mwaka 1836. Hakusomea uenjenyeri. Barabara alizozitengeneza hazikuwa na lami. Lakini aliacha mambo mawili: namna ya kutengeneza barabara kwa mawe madogo, na swali ambalo kila shofere anajiuliza akifika kwenye peaji: franga tunazolipa hapa, zinakwenda wapi?

Maisha yake yanastahili kusimuliwa juu ya swali hilo la pili. Wakati wake Uingereza ilikuwa na mabariere ya kulipisha kuliko nchi nyingine nyingi. Watu walilipa, na mahali pengi barabara zilibaki mbaya.

Kijana wa Ayr

McAdam alizaliwa tarehe 21 au 23 Septemba, kadiri ya vitabu mbalimbali, mu mji wa Ayr, magharibi mwa Scotland. Jamaa yake ilikuwa na ardhi na jina, lakini mali ilikuwa inapungua. Baba yake alikufa mwaka 1770, na kijana akiwa na miaka 14 alitumwa New York kwa baba yake mdogo, William, aliyekuwa mfanyabiashara.

Huko alijifunza biashara haraka. Vita ya uhuru wa Marekani ilipoanza, yeye alibaki upande wa mfalme wa Uingereza. Alipata pesa nyingi kwa kuuza meli na mizigo iliyonyanganywa adui baharini. Mwaka 1778 alimwoa Gloriana Nicoll, binti wa familia ya Long Island. Lakini upande wake ulishindwa vita. Mwaka 1783 alirudi Scotland pamoja na mke na watoto, akiwa amepoteza sehemu kubwa ya mali, lakini bado na kiasi cha kutosha kununua shamba kubwa pale Sauchrie, karibu na Ayr.

Tajiri mwenye ardhi wakati ule alipewa vyeo vya mtaani bila mshahara. McAdam naye aliingia mu kamati iliyosimamia barabara za bariere za eneo lake. Hapo ndipo alianza kuona mambo kutoka ndani.

Salongo ya Waingereza

Ili kuelewa kamati hizo, lazima kurudi nyuma. Tangu sheria ya mwaka 1555, kila parokia Uingereza ilipaswa kutunza barabara zake yenyewe kwa salongo. Wakaaji walitoa siku nne kwa mwaka, baadaye siku sita, bila malipo. Mwenye farasi na gari alileta gari, maskini alileta koleo. Msimamizi alichaguliwa kati yao, hakulipwa, na mara nyingi hakujua lolote juu ya barabara. Kazi ilikuwa kutupa udongo na mawe mu mashimo, kisha kurudi nyumbani.

Njia hiyo ilishindwa pale ambapo magari ya mizigo yalikuwa mengi. Wanakijiji waliona si haki watoe jasho kwa barabara inayoharibiwa na wafanyabiashara wanaopita tu kwenda London. Basi, mwaka 1663 Bunge liliruhusu bariere ya kwanza ya kulipisha, kaskazini mwa London, pale Wadesmill. Kuanzia mwaka 1707 ikaja namna mpya: kamati ya watu wa mtaani, matajiri, wafanyabiashara, mapadri, iliyopewa na Bunge haki ya kusimamia kipande cha barabara.

Serikali haikutoa pesa. Kamati ilikopa kwa watu binafsi: wenye ardhi, wenye maduka, hata wajane waliokuwa na akiba kidogo. Rehani ilikuwa pesa zitakazokusanywa kwenye bariere, na mkopeshaji alipata faida ya 4 au 5 kwa mia kila mwaka. Wanakamati wenyewe walikatazwa kupata faida. Bunge nalo liliweka mipaka kwa kila kamati kupitia sheria yake: bei ya juu kabisa kwa kila aina ya gari na mnyama, na muda wa miaka 21 kwa kawaida. Bei zilipaswa kuandikwa kwenye ubao mbele ya bariere, kila mpitaji azione. Aliyetembea kwa miguu hakulipa. Wanajeshi walipita bure, vilevile watu wanaokwenda kusali siku ya Mungu, na tangu mwaka 1785 magari ya posta.

Kwenye karatasi, mpango ulikuwa mzuri: anayetumia barabara analipa, anayekopesha anarudishiwa, na baada ya miaka 21 deni limekwisha na bariere inaondolewa. Lakini miaka 21 ilipofika, deni lilikuwa bado, na Bunge liliongeza miaka 21 mingine, kisha mingine tena. Kufika miaka ya 1830, kamati zilizidi 1,000, na zilisimamia karibu kilomita 35,000 za barabara.

Wananchi hawakunyamaza. Mwaka 1749 wakulima walivunja mabariere karibu na mji wa Bristol, wakayajenga upya, yakavunjwa tena, mpaka askari wakaletwa. Sheria ya mwaka 1735 ilikuwa imefika mbali: kuvunja bariere kuliweza kumfikisha mtu kwenye kamba ya kunyongwa. Hata hivyo watu walivunja.

Mfanyabiashara wa lami anayekosa pesa

Akiwa Ayrshire, McAdam aliingia mu biashara ya kutengeneza lami kutokana na makaa ya mawe. Lami hiyo ilipakwa kwenye mbao za meli isiingie maji. Hakuna aliyefikiri kuiweka barabarani, hata yeye mwenyewe. Biashara haikumletea utajiri aliotarajia, na mwishowe aliuza shamba. Mwaka 1798 alihamia Falmouth, kusini mwa Uingereza, kwa kazi ya serikali ya kuandalia meli za kivita chakula. Kisha akakaa Bristol, bandari kubwa ya magharibi.

Wakati huo mazoea yake yalikuwa ya ajabu kidogo kwa watu waliomjua. Kila alipopata nafasi alisafiri kuangalia barabara. Kati ya mwaka 1798 na 1814 alikwenda karibu kilomita 48,000 na kutumia zaidi ya pauni 5,000 za mfuko wake mwenyewe. Hakutumwa na mtu. Aliuliza wasimamizi wanavyofanya, mawe yanatoka wapi, yanalipiwa namna gani, nani anaandika hesabu.

Alichokiona kilimshangaza. Pesa hazikukosekana kila mahali. Kamati nyingine zilikusanya pesa nyingi na barabara yao ilikuwa mbaya kuliko ya kamati maskini. Msimamizi alilipwa kidogo sana, na hakuna aliyempima kwa kazi. Mawe yalinunuliwa kwa wingi na kutupwa juu ya matope, makubwa kwa madogo, yakichanganywa na udongo. Mvua ikinyesha yote yanazama, na mwaka unaofuata yananunuliwa mengine. Mahali pengi haki ya kukusanya iliuzwa kwa mnada: mtu binafsi aliahidi kamati kiasi fulani kwa mwaka, kilichozidi kilikuwa chake. Huyo hakuwa na sababu yoyote ya kuhangaikia barabara. Faida yake ilikuwa kwenye mlango.

Bristol, mwaka 1816

Mwaka 1816, McAdam akikaribia miaka 60, kamati ya barabara za Bristol ilimpa kazi ya msimamizi mkuu. Ilikuwa kati ya kamati kubwa zaidi nchini, yenye karibu kilomita 240 za barabara. Ilikuwa pia na deni, na wakaaji wake walikuwa wazao wa wale waliovunja mabariere mwaka 1749.

Namna yake ilianza na jambo rahisi ambalo kila mkaaji wa mashariki mwa Congo anaweza kulishuhudia msimu wa mvua: adui wa barabara ni maji. Udongo mkavu unabeba lori lolote, udongo uliolowa haubebi hata pikipiki. Ndiyo maana kwenye barabara za udongo za Congo kuna mabariere ya mvua, ambapo malori yanasimamishwa mpaka njia ikauke. McAdam alitaka udongo wa chini usilowe kamwe.

Basi, aliinua barabara juu kidogo kuliko ardhi ya kando, akachimba mifereji, akaupa uso wa barabara mteremko mdogo kwa pande zote mbili. Juu yake aliweka mawe yaliyopondwa tu, bila udongo, unene wa sentimita 25 hivi, tabaka kwa tabaka. Hakuna jiwe lililoruhusiwa kupita gramu 170. Wasimamizi walitembea na mizani mfukoni. Mawe madogo yenye pembe yanashikana yakikanyagwa na magurudumu ya chuma, mpaka yanakuwa kama paa moja ambalo maji hayapenyi.

Mwenzake maarufu, Thomas Telford, aliyekuwa enjenyeri kweli, alitanguliza msingi wa mawe makubwa yaliyopangwa kwa mikono. Barabara zake zilikuwa imara, lakini za gharama. Kwa McAdam, msingi ule haukuwa wa lazima. Na hapo ndipo siri ya hesabu yake: barabara nyingi zilikuwa tayari na mawe ya kutosha, yaliyotupwa humo kwa miaka mingi. Hakukuwa na haja ya kununua. Ilitosha kuyafukua, kuyaponda na kuyarudisha vizuri. Pesa zilizokuwa zinakwenda kwa mawe na magari ya kuyabeba sasa zilikwenda kwa mikono ya watu. Watu walikaa chini na nyundo ndogo, wazee, wanawake na vijana kati yao, wakalipwa kwa mawe waliyoyaponda. Vita na Napoleon ilikuwa imeisha mwaka 1815, askari wamerudi nyumbani, kazi hakuna. Kazi ya nyundo ilikuwa ngumu na malipo yalikuwa madogo, lakini ilikuwa kazi.

Kwa miaka michache barabara za Bristol zilibadilika, na deni la kamati lilianza kupungua bila bei ya bariere kuwa ndiyo dawa. Jambo hilo la mwisho ndilo lililofanya kamati nyingine zitume watu kuja kuangalia.

Mbele ya Bunge

McAdam alitoa kitabu chake mwaka 1816, na kingine mwaka 1819. Mwaka huo wa 1819 kamati ya Bunge ilimwita kutoa ushuhuda, na mwaka 1823 ikamwita tena. Wabunge walitaka kusikia juu ya mawe. Yeye aliwaeleza mawe, lakini alisisitiza zaidi uongozi.

Hoja zake zilikuwa chache. Kwanza, msimamizi awe mtu mwenye ujuzi, alipwe vizuri, na asifanye biashara nyingine na barabara anayoisimamia. Pili, vikamati vidogo vidogo viunganishwe, kwa sababu kamati yenye kilomita chache inamaliza pesa zake kwa makarani na faida ya mkopo. Tatu, hesabu ziandikwe kwa namna moja na zionekane. Nne, serikali iache kuhangaika na upana wa magurudumu na uzito wa mizigo kana kwamba magari ndiyo yenye kosa. Kwake, barabara inatengenezwa kwa ajili ya magari yaliyopo, siyo magari kupunguzwa kwa ajili ya barabara.

Sheria kubwa ya mwaka 1822 juu ya barabara za bariere ilizitaka kamati zitoe hesabu zao kila mwaka. Mwaka 1826 kamati 14 za kaskazini mwa mto Thames, London, ziliunganishwa kuwa moja, na mtoto wake James McAdam akawa msimamizi wake. Lakini sehemu kubwa ya nchi haikufuata. Kila kamati ndogo ilikuwa na karani wake, mwanasheria wake, wakopeshaji wake na mbunge wake wa kuitetea. Bunge lilisikia ushauri, likachukua nusu.

Yeye mwenyewe hakukosa wapinzani. Wengine walisema mawe yaliyopondwa hayakuwa jambo jipya, na hawakukosea kabisa. Wengine walilalamika kwamba wana wa McAdam na jamaa yake walikuwa wameshika usimamizi wa kamati nyingi kupita kiasi. Ni kweli familia ilienea. Ni kweli pia kwamba alitangaza namna yake kwa wazi, kila mtu aweze kuitumia. Alidai serikali imrudishie gharama za safari zake, na katika miaka ya 1820 Bunge lilikubali kumlipa pauni elfu kadhaa. Alipotakiwa kupewa cheo cha Sir alikataa kwa sababu ya uzee. Cheo kikaenda kwa James mwaka 1834.

Deni lililobaki

Wakati McAdam anazeeka, barabara za Uingereza zilikuwa katika siku zao bora. Katikati ya miaka ya 1700 safari ya London mpaka Edinburgh kwa gari la farasi ilichukua siku kumi au zaidi. Kufika miaka ya 1830 ilichukua chini ya siku mbili. Namna yake ilivuka bahari: mwaka 1823 Marekani ilikuwa na barabara yake ya kwanza ya aina hiyo, mu jimbo la Maryland, na Ufaransa ikachukua namna pamoja na jina.

Kila mwaka alisafiri kwenda Scotland wakati wa joto. Katika kurudi kwa safari ya mwaka 1836 aliugua njiani, akafariki pale Moffat tarehe 26 Novemba, akiwa na miaka 80. Alizikwa hapo. Hakuacha utajiri mkubwa.

Kile alichoonya kilifika baada yake. Tangu mwaka 1830, reli ya Liverpool na Manchester ilikuwa imeanza kubeba abiria. Reli zilipoenea, magari ya farasi ya safari ndefu yaliisha, na mapato ya mabariere yakaanguka. Lakini deni halikuanguka. Kamati nyingi zilikusanya kwa ajili ya kulipa wakopeshaji, na kilichobaki kwa barabara kilikuwa kidogo.

Kati ya mwaka 1839 na 1843, wakulima maskini wa Wales ya kusini walichoka. Mabariere yalikuwa mengi na karibu karibu, na kila gari la chokaa la kurutubisha shamba lililipishwa mara kwa mara. Usiku wanaume walivaa nguo za wanawake, wakajipaka masizi usoni, wakavunja mabariere kwa mashoka. Walijiita Rebecca na binti zake. Serikali ilileta askari, lakini pia ilituma tume kusikiliza. Sheria ya mwaka 1844 iliunganisha kamati za Wales ya kusini chini ya bodi za majimbo na kupunguza ushuru wa chokaa. Ni ule muungano McAdam aliouomba miaka 25 nyuma. Ilibidi mashoka yaongee kwanza.

Kwingine kamati zilifungwa moja moja, na wakopeshaji wengi walipata pungufu ya walichokopesha. Sheria ya mwaka 1888 iliweka barabara kuu mikononi mwa mabaraza ya majimbo, kwa pesa za kodi. Bariere ya mwisho ya mpango ule iliondolewa mwaka 1895, kwenye kisiwa cha Anglesey.

Jina lililofika Congo

Lami iliungana na mawe ya McAdam mwaka 1902, Mwingereza Edgar Hooley alipopata haki ya uvumbuzi wake. Hivyo jina la mtu aliyewahi kuuza lami, bila kuiweka barabarani, likaja kumaanisha barabara ya lami yenyewe.

Congo nayo ina mabariere ya peaji. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unategemea kodi kwenye mafuta ya gari na pesa za peaji. Nchi ni tofauti na nyakati ni tofauti, lakini kazi aliyoifanya McAdam inaeleweka bila mkalimani kwa shofere anayesubiri matope yakauke akiwa na karatasi ya peaji mkononi. Hakupinga watu kulipa. Alipinga bariere kuwa mwisho wa safari ya pesa. Alidai kwamba nyuma ya kila bariere pawe na mambo matatu: mtu anayeijua kazi, mifereji iliyo wazi, na daftari ambalo mlipaji anaweza kulifungua.